Karatasi Iliyovishwa Plastiki

Nimependa mara mbili maishani mwangu. Mapenzi ya kwanza niliyalipia miezi kumi na minne, kila mwisho wa mwezi, pamoja na riba. Mapenzi ya pili yaliingia ofisini kwetu Alhamisi moja, saa nne asubuhi, yakiwa yamevaa shati la kijani lililopigwa pasi upande wa mbele tu, na kukumbatia karatasi iliyovishwa plastiki kama mtu aliyebeba kichanga.

"Chimène, angalia!" akasema Nephtali. "Nimeipeleka kwa mutu wa photocopie, ameiplastifier. Sasa hata mvua ya Kisangani haiwezi kuifanya kitu."

Mimi ni agent de crédit. Napokea maombi ya mikopo katika coopérative moja ndogo karibu na soko kuu, na kazi yangu, ukiondoa mapambo, ni kutabasamu huku nikisema "bado". Nimewaambia "bado" wachungaji, wauza makaa na mama mmoja aliyekuja na mbuzi hai kama dhamana. Lakini mwanamume huyu wa Yanonge akinitazama, na yale macho yake yanayocheka kabla ya mdomo, neno "bado" hunikwama kama mwiba wa samaki.

Karatasi ile niliijua. Ilitoka hapa hapa, meza ya pili, kwa mwenzangu Fadhili. Sheria ya ofisi hainiruhusu kushughulikia faili la mtu ninayempenda, na ofisi nzima ilijua ninampenda nani, hata mlinzi wa mlangoni. Jumatatu Fadhili alimuuliza Nephtali maswali matano: unafanya kazi gani, unaingiza kiasi gani kwa mwezi, unakaa wapi, unataka kiasi gani, cha nini. Nephtali akajibu kwa mdomo mtupu. Mashine ikatapika karatasi: kwa kadiri ya uliyotuambia, huenda ukaweza kupata mkopo wa hadi dola elfu nne. Dola elfu nne ni motere, injini ya mtumbwi, ya farasi arobaini. Na motere ya farasi arobaini nyuma ya pirogue yake, mtumbwi unaopeleka bidhaa Yanonge na kurudi, ndiyo ndoto yake tangu nimjue.

"Papa yangu bado anaiamini?" nikauliza.

"Anaiamini? Papa Bavon amefanya ba photocopie kumi na mbili. Moja kwa kila tonton, ba baba mudogo na ba mujomba yako yote."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa tena.

Papa yangu ni mvuvi wa Wagenia, wale wanaofunga mitego kwenye nguzo za miti katikati ya maji. Amezaliwa kwenye kelele ya maporomoko, kwa hiyo hata akisema siri, watu wa ng'ambo wanaisikia. Nephtali alipotajwa mara ya kwanza nyumbani, papa alisema: "Mutu wa kupiga kasia? Mizigo yake inafika Yanonge imeshaoza, na binti yangu atakula nini, maji?" Miezi minane amekataa. Kisha Jumatatu ile akaona karatasi yenye namba na muhuri, akalainika ghafla. Pre-dot, ile siku ambayo familia ya mwanamume inakuja kubisha mlango na kujitambulisha kabla mahari haijatajwa, ikapangwa Jumamosi. "Jumamosi moja," papa akasema, "hakuna ya pili. Mimi siko kanisa, kufungua kila wiki."

"Nephtali," nikasema taratibu, "umesoma mustari wa mwisho?"

"Ule mudogo?"

"Ule mudogo."

"Plastiki inang'aa, haionekane muzuri."

Nikaigeuza karatasi kuelekea dirishani nikamsomea: "Karatasi hii si ahadi ya mkopo. Jibu litatolewa baada ya uchunguzi."

Akakuna shingo. "Alors? Maana yake nini?"

"Maana yake tumekutazama. Hatujakuchunguza."

"Lakini iko na elfu ine!"

"Iko na 'huenda'. Tena iko na 'hadi'. Ni sawa vile unapita mbele ya nyumba, mwenye nyumba anakuambia wee, unafanana na mutu muzuri. Hajafungua mulango."

Alicheka. Meno yake yote yalicheka, na mimi, mjinga, nilitaka kucheka pamoja naye. Kisha akasema jambo lililoniondolea hamu hiyo.

"Haina neno. Saa tano naonana na Hubert, yule anauzisha ba motere kule beach ya ba pirogue. Namupatia pirogue yangu kama avance, ananipatia motere pamoja na pirogue ingine ya kukodi. Jumamosi nafika na motere, papa yako anasikia sauti yake tangu mbali. Crédit ikitoka, namalizia."

"Na isipotoka?"

"Itatoka, chérie. Iko na plastiki."

"Hubert anarudisha pirogue?"

Akaanza kunyoosha kola ya shati.

"Nephtali. Anarudisha?"

"Ameandika hapana."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini. Pirogue ile aliichonga na marehemu baba yake, mti mmoja mzima, miezi miwili porini. Bila pirogue hana safari, bila safari hana kipato, na bila kipato hata Fadhili, ambaye ana moyo laini kama lituma, ndizi ya kupondwa ikiwa moto, angefunga faili.

"Usiende," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Juu ninakuambia."

Macho yakaacha kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona hivyo, na niliogopa kuliko nilivyotarajia. "Chimène, sema ukweli. Hutaki Jumamosi ifike. Kila mara ninapokaribia, wewe unatafuta mustari mudogo."

"Mimi natafuta?"

"Mimi siko yule mwingine."

Mlinzi akajifanya anafuta kiatu.

Yule mwingine aliitwa Hugues. Alikuwa na sauti ya kwaya na mpango wa kuuza friji. Nilimsainia kama avaliste, yaani mtu anayelipa endapo mkopaji hatalipa, kwa sababu alinishika mkono akasema "sisi ni mutu mumoja". Wiki ya sita yule mtu mmoja akaenda Bunia na friji zote, na nusu iliyobaki, mimi, ikabaki na deni. Ndipo nikajifunza kazi hii. Mkurugenzi aliniona nikileta malipo miezi kumi na minne bila kuchelewa hata siku moja, akasema msichana huyu afadhali tumwajiri.

"Hugues naye alisema hayuko kama wengine," nikajibu. "Tena alisema kwa sauti nzuri kuliko ya kwako."

Lilikuwa neno baya. Nililiona likimpata. Akachukua karatasi yake mezani, polepole, akaifuta alama za vidole vyangu kwa mkono wa shati.

Ndipo Fadhili, ambaye tangu mwanzo alikuwa anajifanya anahesabu pini, akakohoa. "Bo-frère, shemeji, kuja hapa kwangu kidogo. Mugombane kisha. Mapenzi haina saa ya kufunga, lakini ofisi iko nayo."

Nephtali akaenda, bila kunitazama.

"Sikiliza," Fadhili akasema. "Iko karatasi ya pili. Tunaiita accord de principe. Kwa ile ya kwanza umeongea, tumekuamini bure. Kwa hii ya pili unaleta ba preuves, bushahidi: carnet ya safari zako, papier ya pirogue, barua ya chef de quartier, mukubwa wa mutaa, na carte yako ya kitambulisho. Mimi natoka, nauliza batu. Tunaangalia kama uko na deni kwingine. Kisha tunaandika: mutu huyu tutamukopesha kiasi hiki, tarehe hii hadi hii, akitimiza hiki na hiki. Hata hiyo haiko makuta mukononi, haiko pesa ya kuhesabu. Lakini mutu anaweza kuiegemea kidogo."

"Deni sina. Hata moja."

Nilijua sikupaswa kufungua mdomo. Niliufungua. "Na likelemba ya beach?"

Nephtali akageuka kama mtu niliyemwita kwa jina la utani mbele ya mama yake. "Likelemba haiko deni! Ni bandugu. Tunachanga batu kumi, kila mwezi mumoja anakula."

"Wewe umeshakula?" Fadhili akauliza.

"Nilikula wa kwanza. Nilinunulia mama ba tôles, mabati ya nyumba, mvua ilikuwa inamunyeshea kitandani."

"Unabaki kuchanga miezi ngapi?"

"Sita."

"Basi ndugu yangu," Fadhili akasema akiandika, "ba tôles ni za mama, baraka ni yako, lakini deni ni deni. Na ungeficha, ningeisikia kule beach kesho, na faili lingekufa palepale." Akapiga hesabu, akapiga tena. "Ukileta papier zote na zikiwa safi, mimi naona elfu mbili na mia mbili. Haipite."

"Hiyo ni motere gani?"

"Farasi kumi na tano."

"Kumi na tano!" Akashika kichwa. "Papa Bavon atacheka mpaka atumbukie mu maji. Ameambia ba tonton arobaini!"

"Farasi kumi na tano wanapita mikono miwili," nikasema. Nilitaka iwe mzaha. Ilitoka kama ombi.

Alitazama saa. Saa tano kasoro robo. Akaweka karatasi yake kwapani, akasema "aksanti, yaya Fadhili", kama kwa kaka mkubwa, na kutoka.

Nilikwenda dirishani, sikujali nani ananiona. Alisimamisha toleka, baiskeli ya abiria, akakaa nyuma. Kushoto ni beach, kwa Hubert. Kulia ni nyumbani kwake. Mwendesha baiskeli akakanyaga, shati la kijani likajaa upepo, mgongo wake usiopigwa pasi ukakunjamana kwenye jua kali.

Kushoto.

"Bado," Fadhili akasema nyuma yangu, kwa upole.

Kuanzia hapo nilihudumia wateja wanne. Mmoja alinishukuru kwa jambo ambalo hadi leo sijui ni lipi.

Saa saba na dakika ishirini mlango ukafunguliwa. Alikuwa amelowa jasho, na mkono wake umeshika mfuko wa unga uliojaa makaratasi. Aliumwaga mezani kwa Fadhili: daftari la safari lenye madoa ya mafuta ya mawese kila ukurasa, papier ya pirogue, barua ya chef de quartier ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, na juu ya vyote, daftari la likelemba.

"Ulifika kwa Hubert?" nikauliza, kwa sauti isiyokuwa yangu.

"Nilifika. Motere iko mbele yangu, nyekundu, inang'aa kama bibi harusi. Hubert ananipatia bic ya kusaini." Akanitazama, na yale macho yakaanza, kidogo kidogo, kucheka tena. "Nikamuambia, ngoja, nisome kwanza mustari mudogo."

"Ukasema nini ukisha kusoma?"

"Nikasema bado."

Wasomaji wangu, kuna wanawake wanaoletewa maua. Sijawahi kuwaonea wivu tangu siku hiyo.

Fadhili alitaka kugonga muhuri nyuma ya karatasi ya kwanza ili aiambatanishe na faili. Wino uliteleza juu ya plastiki kama maji juu ya jani la muhogo. Akagonga tena, ukateleza ukampaka kidole. "Bo-frère," akasema, "wewe ni mutu wa kwanza mu historia ya coopérative hii mwenye amezuia mvua, amezuia na muhuri." Ikabidi achapishe nyingine.

Ijumaa Fadhili alishinda beach akiuliza watu. Ijumaa jioni accord de principe ikatoka: dola elfu mbili na mia mbili, ahadi ya siku thelathini, kwa sharti moja. Nililisoma sharti lile mara mbili. Awepo avaliste mwenye mshahara au kiwanja chenye hati.

Nephtali alisoma pia. Alinitazama mara moja, akakunja karatasi. Hakuniomba. Usiku kucha nilingojea simu ya kuniomba. Haikulia.

*

Jumamosi saa sita mchana, ba tonton kumi na wawili walikuwa wamekaa uani petu, kila mmoja na photocopie yake mkononi kama waimbaji wenye nyimbo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na tantine Emilie, dada yake papa, maana kwa desturi msichana haonekani mpaka aitwe. Tantine alikuwa na kazi mbili: kunichunga, na kuchungulia.

"Anakuja," akanong'ona. "Lakini sisikie motere."

Alikuja akipiga kasia. Yeye na tonton yake Osée, msemaji wa familia, kwa pirogue ileile, mbuzi mmoja katikati na kreti mbili za vinywaji. Papa alisimama tangu wakiwa mbali majini.

"Motere iko wapi?" akanguruma kabla ya salamu. "Nimeambia watu watasikia motere! Nimesikia mbuzi!"

Tonton Osée akaanza hotuba yake nzuri ya kubisha mlango, lakini Nephtali alimgusa bega. "Papa Bavon, niruhusu nianze na haya. Ile karatasi niliyokuonyesha haikuwa mukopo. Ilikuwa kutazamwa tu. Mimi nilisoma namba, sikusoma mustari. Nimekudanganya bila kujua, na wewe umedanganya ba tonton bila kujua. Samahani yenu wote."

Kumi na wawili wakainamia photocopie zao. Mmoja akavaa miwani.

"Donc huna kitu," papa akasema.

"Niko na ya pili." Akatoa karatasi, safari hii bila plastiki. "Hii wamenichunguza. Farasi kumi na tano, haiko arobaini. Na bado iko na sharti: avaliste."

"Avaliste!" mmoja wa ba tonton akachangamka. "Si Chimène ana mushahara? Asaini, tule!"

Mkono wangu wa kulia ukaanza kuuma, palepale, kama miezi kumi na minne yote ilikuwa imelala ndani ya vidole. Tantine Emilie akaushika.

"Hapana," Nephtali akasema. Hakupaza sauti. "Si yeye. Nimekuja kumuomba akae pembeni yangu. Sikukuja kumuomba akae nyuma ya deni yangu. Kama hakuna avaliste, nitapiga kasia mwaka mwingine, nimalize likelemba, nirudi kuomba upya. Na kama Jumamosi ni hii moja tu, papa, basi nimeitumia kusema ukweli."

Nilisikia maporomoko. Siku zote yapo, hatuyasikii. Siku ile niliyasikia.

Papa alikuwa anaijua habari ya Hugues. Ndiye aliyeuza neti yake mpya ili nilipe mwezi wa kwanza wa deni, nami nilijifanya sikuona. Kisha akanguruma: "Chimène!"

Nikatoka. Kuna swali la desturi, kila binti wa kwetu huulizwa, na kila binti hujibu "ndiyo, papa" akitazama chini.

"Huyu mutu," papa akasema, "unamujua?"

Sikutazama chini. "Nimesoma faili lake lote, papa, mpaka mustari mudogo. Namujua."

Tantine akapiga kigelegele kabla ya wakati wake. Papa akamnyamazisha kwa kidole, akageuka kwa Nephtali.

"Bon. Wewe unakuja kuomba binti, tena unanionyesha deni. Sijaona pre-dot ya hivi. Parcelle hii tunaikalia iko na hati, kwa jina yangu." Akakohoa, maana ba tonton walikuwa wameinua vichwa wote. "Lakini mimi sitasaini kwa kutazama! Nilishatazama siku moja, nikafanya photocopie kumi na mbili. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, uje ku chutes, kule ku maporomoko. Utapanda ku miti pamoja na mimi, ufunge kamba za mitego. Wiki mbili. Mutu mwenye anafunga kamba vibaya, maji inakamata wenzake. Nikiona mikono yako, ndipo nitashika bic."

"Nitakuja, papa."

"Na usiniite papa bado."

"Nikuite nani?"

Papa alifikiri. Mdomo wake ulipigana na tabasamu, ukashindwa. "Mimi nitakuita bokilo," akasema, neno tunalomwitia mkwe. "Bokilo wa masharti. Tarehe iko mpaka wiki mbili. Mbuzi ashuke!"

Ba tonton wakacheka, kreti zikafunguliwa. Tonton Osée, masikini, akasoma hotuba yake yote kuanzia mwanzo, na hakuna aliyesikiliza.

Karatasi ya kwanza, ile ya plastiki, nayo haikukosa kazi. Tantine Emilie aliichukua kupepea makaa chini ya liboke, samaki waliofungwa kwenye majani. Ikapepea vizuri ajabu. Haikulowa, haikukunjika, na dola elfu nne zikawa zinakwenda na kurudi juu ya moshi.

Nephtali akaja kusimama karibu nami, kwa umbali ambao papa angeweza kuuvumilia.

"Donc," akanong'ona, "kwa papa yako nimetazamwa, ninangoja kuchunguzwa. Na kwako?"

"Kwangu faili lilifungwa Alhamisi, saa saba na dakika ishirini."

Akashtuka. "Lilifungwa? Kwa jibu gani?"

Nilimwacha angoje kidogo. Nilikuwa na haki hiyo. Alhamisi naye aliningojesha zaidi ya saa mbili. Kisha nikachukua mkono wake, ule wenye sugu za kasia, mbele ya papa, tantine na photocopie kumi na mbili.

"Hakuna sharti," nikamwambia. "Na hapa hakuna mustari mudogo. Unaweza kugeuza nyuma uangalie."